Miaka Yangu Kwenye Karai la Shira

Kevo, pamoja na nyinyi wengine mnaobaki jikoni: mliniomba niandike jinsi kazi hii ilivyoanza, kwa sababu kila mteja akiuliza mnampa hadithi tofauti. Mmoja wenu alimwambia mgeni kwamba mambo haya niliyaota usingizini. Sikuota. Nilisoma, nikasafiri, nikafanya kazi kwa mikono hii, nikarudi. Kama kuna mtu mwingine Subukia nzima mwenye diploma ya teknolojia ya chakula ambaye amewahi kutoboa mti katikati ya theluji na kunywa maji yake, aje tusalimiane. Mpaka leo hajafika.

Mambo ya mshahara na vyeo sitayagusa. Mshahara wa Kanada ni mtamu kuusimulia kuliko kuuishi, na cheo changu kikubwa kuliko vyote nilijipa mwenyewe.

Nilifika kule na diploma yangu ndani ya bahasha ya plastiki, nikapewa kazi ya kuosha vyombo hotelini. Niliviosha jinsi ambavyo havijawahi kuoshwa. Baridi ilipokaribia kwisha nikaona tangazo kwenye mlango wa duka la mji mdogo: mzee anayeishi peke yake anatafuta mtu mwenye mgongo mzuri. Nikampigia simu.

"Umewahi kufanya kazi msituni?" akauliza.

"Nimezaliwa Subukia," nikamjibu.

Hakujua Subukia ni nini, lakini kwa jinsi nilivyolitamka jina hilo aliamini ni msitu, na mimi sikuona haja ya kumsahihisha.

Mzee huyo aliitwa Lucien. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na miti ambayo babake aliikuta pale. Kwa Kiingereza ni maple. Mimi naiita mepo, na nyinyi mmezoea kunisikia hivyo. Kila mwaka alitengeneza shira ya nyumbani, ya kula yeye na majirani na kuuza kidogo. Shira ni hiyo hiyo mnayoiita sirapu.

Siku ya kwanza theluji ilinifika magotini. Alinipa keekee ya mkono ya kutobolea, akanionyesha mti. Nikaiweka mahali nilipoona pazuri.

"Si hapo," akasema. "Hapo ni kidonda cha mwaka juzi."

Nikatazama tena, nikaona kovu dogo kwenye gome, limefunga kama kitovu. Mzee akanieleza kwamba kila tundu ni kidonda, na mti huponya kidonda chake ukiachiwa nafasi. Kwa hiyo unatafuta makovu kwanza, kisha unasogea pembeni na juu. Tundu linapanda kidogo kuelekea ndani ili maji yateremke yenyewe, na kina chake ni pingili mbili za kidole. Unga wa mbao unaotoka lazima uwe mweupe. Ukiwa wa kahawia, umetoboa maiti. Mti mwembamba ambao mikono yako inauzunguka bila shida unauacha ukue. Baada ya hapo unagongomea mrija wa chuma, taratibu, mpaka mlio wa nyundo ubadilike, ndipo unatundika ndoo na kuifunika.

Nilisimama nikingoja kitu kizito kama asali. Yakatoka maji. Meupe, mepesi, tone baada ya tone. Nikayaonja. Yalikuwa kama maji yaliyosuuza kikombe cha chai.

"Mzee," nikamwambia, "tumetapeliwa."

Alicheka mpaka akaushika mti asianguke.

Maji hayo hutoka tu ikiwa usiku kumeganda na mchana kumeyeyuka. Baridi ikizidi, hakuna kitu. Joto likizidi na machipukizi yakivimba, maji yanachachuka na msimu umekwisha. Na madebe kama arobaini ya maji ndiyo hukupa debe moja la shira. Wengine wakisikia hesabu hiyo hurudi mjini. Mimi nilivua koti.

Upishi ulifanyika katika kibanda kilichojaa mvuke hata humwoni mwenzako. Karai pana lisilo na kina liliwekwa juu ya moto wa kuni, kwa sababu maji yakitandazwa hukauka upesi. Juu ya karai mzee alining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe kwa uzi. Povu likipanda lilikigusa, likanywea lenyewe. Nimemaliza diploma nzima bila mwalimu yeyote kunitajia uzi huo. Sisi huku tunadondosha siagi, kwa sababu wateja wetu wengine hawali nguruwe, lakini sayansi ni moja.

Kuna njia ya kujua shira imeiva kwa mwiko: unauinua, ukiona inadondoka matone bado, ukiona inateremka kama pazia imeiva. Kuna kipimajoto. Kuna kijiti cha kioo kinachoelea, chenye mstari mwekundu wa kipimo; shira ikizidi uzito, kinapanda juu. Lucien alinifundisha vyote hivyo, kisha siku moja akanivuta kofia mpaka puani.

"Sasa niambie imefika wapi."

"Sioni kitu."

"Sikukuuliza unaona nini."

Maji yakichemka hupiga kelele nyepesi ya haraka, kama mvua juu ya mabati. Yakianza kuwa shira, mapovu huwa mazito na hupasuka moja moja, kama uji wa wimbi unaoanza kushika. Kati ya milio hiyo miwili kuna mwingine mfupi sana, na huo ndio unaotafutwa. Nilipika msimu mzima kofia ikiwa puani na mzee akinigonga kiatu kwa fimbo kila nilipokosea. Hakuwahi kupata mwanafunzi aliyeshika haraka kama mimi. Ni kweli mwanafunzi nilikuwa peke yangu, lakini hilo halibadilishi kitu.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Wanawe, watu wema kabisa, wakaja kutoka mjini, wakaogopa atajimwagia karai. Wakamwekea kiti kizuri dirishani, na blanketi, wakamwambia ameshafanya kazi ya kutosha. Kutoka hapo aliona moshi wa kibanda. Kila siku nilimpelekea kikombe cha shira ya moto. Mwanzoni alionja na kusema, "Mmechelewa kuitoa." Baadaye akawa anasema, "Nzuri," kisha anaweka kikombe pembeni bila kukigusa. Msimu uliofuata hakuuliza kama maji yameanza kutoka.

Nilikaa kule miaka mingine, nikajenga jina langu katika vibanda vya watu wengi, kisha nikarudi nyumbani. Sikurudi mikono mitupu kama wale wanaorudi na lafudhi tu. Nilirudi na keekee, mirija, kipimajoto na kile kijiti cha kioo. Afisa wa uwanja wa ndege alifungua sanduku, akaniuliza kama mimi ni daktari wa meno.

Mepo haikuwepo, lakini baridi ya Julai ilikuwepo na miti ilikuwepo. Nikatoboa migrevilea mitatu ya ua na mparachichi wa marehemu mama. Nikatundika sufuria. Jirani yangu wa upande wa mto akaja kuegemea ua. Huyo ndiye Mama Njoki, mke wa marehemu kaka yangu, ambaye nyote mnamjua.

"Shem, huo mti umekukosea nini?"

"Natafuta sukari."

"Sukari iko dukani." Akageuka kuwaita wengine. "Kujeni muone! Kanada amerudi kukama miti, na ng'ombe anamlilia hapo nyuma!"

Jina la Kanada lilianzia hapo. Baada ya siku chache sufuria zilikuwa na gundi kidogo na siafu wengi. Waliocheka walicheka. Mimi nilikuwa nimefanya jaribio la kisayansi, na jaribio lilikuwa limenijibu: hapana.

Ila Mama Njoki alikuwa akicheka huku anatafuna muwa wa shamba lake la kandokando ya mto, na maji ya muwa yalikuwa yakimtiririka kidevuni. Wengine waliona mama anayekula muwa. Mimi niliona karai.

Nikaenda Rhonda, mtaa wa Nakuru, kwa fundi wa kuchomelea, nikamchorea.

"Boss, hii ni ya kuogesha mtoto ama ya kuogesha ng'ombe?"

"Ya kupikia."

"Kupikia jeshi gani?"

Alitaka kutumia mabati ya kawaida kama anavyotumia kwa kila kitu. Nikakataa. Maji ya muwa yana uchachu, na uchachu ukichemkia juu ya zinki utakula zinki na mteja atakula vyote viwili. Hapo diploma ilisema. Tukatumia stenlesi, akalalamika, akachomelea, na karai hilo ndilo mnalolipikia leo. Mkilisugua kwa mchanga nitajua hata nikiwa wapi.

Tulianza watu wawili, mimi na Mama Njoki, nyuma ya nyumba yake. Mimi nilileta ujuzi, yeye alileta miwa, kuni na mdomo. Tulikata miwa kipindi cha kiangazi ikiwa tamu, tukaikamua, tukachuja kwa kitambaa, tukaondoa lile povu la kijani mpaka maji yakatulia. Yeye alishika moto tangu mwanzo. Nina kipaji cha mambo mengi, lakini kuni za Subukia zinamtii yeye. Mkaja nyinyi mmoja mmoja, hoteli za Nakuru na Naivasha zikaanza kuagiza, na wewe Kevo ukatununulia chupa zenye vifuniko vya maana.

Kisha macho yake yakaanza. Daktari alisema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Yeye mwenyewe alisema ni kama kuchungulia ndani ya bomba ambalo kila mwezi mtu analikaza. Mkaona anaweka mwiko hewani ukaanguka. Mkaona anauegemea ukingo wa karai akidhani ni meza. Siku hiyo, Kevo, ulinivuta nje.

"Mzee, kwa heshima. Mathe akae kwa chupa. Ama akae nyumbani tu, tutamlipa."

"Mtamlipa kwa kukaa?"

"Si ni mama yetu sote? Nikimwona akiegemea hapo, roho inanitoka."

Sikukulaumu. Mtu aliyekula ugali wa mkono wake miaka yote hiyo lazima aogope. Na wanawe Lucien waliogopa hivyo hivyo, kwa upendo huo huo. Nilikuwa nimeshaona kiti kile cha dirishani, na nilijua akikikalia ataanza na "mmechelewa" na kumalizia na "nzuri".

Sauti yake ikatoka ndani. "Msiniongelee kama gunia. Macho ndiyo yameenda. Masikio yako, nimewasikia."

Nikamwendea. "Nataka nikufundishe kitu. Fumba macho."

"Shem, hata haya yaliyobaki unayataka?"

"Nataka usiyategemee."

Hivyo nikamfundisha alivyonifundisha Lucien, bila fimbo, kwa sababu angeninyang'anya. Haikuwa rahisi, na msije mkawaambia wageni kwamba alizaliwa na kipaji hicho. Mara ya kwanza aliitoa mapema. Niliiacha ijazwe kwenye chupa makusudi, ili sote tujifunze, na zikapelekwa kabla sijamaliza kufikiri. Mwenye duka la samaki na vyakula kule Kamere, Naivasha, akanipigia: "Kanada, hizi chupa zako zinapiga risasi! Vifuniko viko kwa dari, na wateja wa samaki wamelala chini!" Shira nyepesi huchachuka. Tukazirudisha zote. Mara ya pili aliogopa kuitoa mapema, akaingoja mpaka ikawa jiwe. Tuliivunja kwa shoka, watoto wa mtaa wakala.

"Umesikia nini?" nilimuuliza.

"Nimesikia nyinyi mnapumua. Kila mtu hapa anapumua kama anazaliwa."

Alisema kweli. Tukabadilisha jiko lote. Nilitafuta mabomba ya krashi ya zamani ya kubania ng'ombe wakati wa sindano, nikazungusha reli ya kimo cha kiuno mbele ya karai, ili mkono wake ukutane na chuma baridi kabla ya chuma cha moto. Nikapanga matofali mawili sakafuni, nyayo zake zijue mahali pa kusimama. Mwiko ukapata msumari wake, na anayeuhamisha anaosha chupa zote za siku hiyo. Anayekaribia moto anasema jina lake. Redio ikahamia banda la makapi ya miwa. Mlinung'unika kuhusu redio kuliko mlivyonung'unika kuhusu kitu kingine chochote.

Polepole sikio lake likakaa. Akisema "Toeni!" mnachota, mnatia kijiti cha kioo, kinasimama kwenye mstari mwekundu, au karibu yake kiasi cha kusameheka. Akikosea tulirudia. Mimi nilisimama nyuma yake kila siku, mikono mgongoni, nikiwa fahari tupu. Nilidhani nimemaliza. Nilidhani nimemshinda hata Lucien, maana yeye hakupata mtu wa kumtetea na huyu amenipata mimi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hii ndiyo siku niliyostaafu, ingawa nyinyi mlijua baadaye.

Ilikuwa shira ya oda kubwa ya hoteli, miwa mizuri, moto mzuri. Jiko kimya. Mama Njoki ameinamisha kichwa, mkono kwenye reli. Akasema, "Toeni!" Hakuna aliyesogea. Kevo, ulikuwa umeshika mpini wa karai, na ulinitazama mimi. Wasichana wa kuchuja wakanitazama mimi. Nami nilikuwa nimesikia mlio ule ule aliousikia yeye, nikaitikia kwa kichwa: ndiyo. Mkainua. Lakini kati ya neno lake na kichwa changu shira ilikuwa imepita. Kijiti kilielea juu mno. Ikatoka nyeusi, chungu kwa mbali.

Aliijua kabla hatujapima. Aliinusa. Akautundika mwiko kwenye msumari wake, akauliza, kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea:

"Nani anapika hapa?"

Kevo ukasema, "Mathe, tulikuwa tunahakikisha tu," na ulisema kwa upole, na nikaona uso wake ukifunga.

Nilitembea mpaka mtoni nikakaa kwenye miwa. Nimejifunza vitu vingi upesi, lakini hiki kilinichukua muda. Nilikuwa nimemwekea reli, matofali, msumari na ukimya, halafu nikasimama nyuma yake mimi mwenyewe. Kila siku. Mwenye diploma, mwenye Kanada. Mradi niko pale, neno lake lingekuwa ombi linalopitia kwangu. Mtu anayepika kwa kuruhusiwa ameshakalia kile kiti cha dirishani, hata kama moto unamchoma uso.

Na nguvu bado ninazo, mnajua. Sikio langu ni zima. Ningeweza kupika miaka mingine mingi, na ningeipika vizuri kuliko yeyote kati yenu, naye akiwemo siku nyingine. Naandika hili ili msidhani nilichoka.

Nikarudi. Mlikuwa mnasugua karai.

"Kesho sitakuja," nikasema.

"Mzee, unaumwa?" Kevo ukauliza.

"Nimestaafu."

"Tangu lini?"

"Tangu pale mtoni."

Mkacheka, mkidhani ni mambo yangu. Mama Njoki hakucheka. Aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Shem, unanikimbia?"

"Hapana. Nakupisha."

Akapapasa reli. Kisha akasema, "Na nikiichoma?"

"Utapika nyingine."

"Na nikijichoma?"

Nikamwambia, "Reli iko imara, nimeifunga mwenyewe." Akaitikisa kwa mikono miwili kama anayejaribu lango la zizi. Haikuyumba. "Haya," akasema. "Nenda basi. Usisimame hapo mlangoni, unazuia hewa."

Asubuhi yake nilipanda kwenda Nakuru kwa binti yangu, kwa sababu nilijua nikikaa Subukia miguu itanipeleka. Nikaweka simu mezani, uso juu. Nilikuwa na hakika mtapiga kabla ya chai ya saa nne kuuliza jambo fulani: siagi kiasi gani, kuni zipi, kitambaa kipi. Chai ikaletwa, ikanywewa. Simu kimya. Nikamwambia binti yangu huenda mtandao ni mbaya. Akanipigia kutoka jikoni kwake. Simu ikalia vizuri kabisa. Nilifikiria karai. Nilifikiria mkono wa Mama Njoki kwenye chuma. Nilishika funguo za nyumbani mara kadhaa, nikazirudisha. Chakula cha mchana sikukionja vizuri, na binti yangu anapika kama mimi.

Alasiri simu ikalia. Ni yeye. Nyuma yake nilisikia chupa zikigongana, na wewe Kevo ukicheka na mtu.

"Shem."

"Imetoka?"

"Imetoka. Kijiti kimesimama kwa mstari. Kevo ameniapia kwa mamake."

Nikapumua. "Ulipoita, walingoja?"

"Wangoje nani?"

Nikamuuliza kama nije kesho niwasaidie kufunga oda ya hoteli, kubeba tu, sitakaribia moto.

"Hapana," akasema. "Kesho pia usije."